Pimbi Aliyemfunga Fisi Magango

— Paukwa?
— Pakawa!
— Pimbi je?
— Yuko jabalini kwake.
— Na Fisi?
— Yuko chini, anangoja aanguke.

Basi siku moja kweli akaanguka. Pimbi, mama wa watoto watatu, aliteleza jabalini, puu! Mguu wa nyuma ukavunjika, ko! Kabla hajainuka, Fisi amekwisha kumbeba hadi pangoni mwake.

Fisi alitaka kumla palepale. Pimbi akamweleza taratibu kwamba mfupa uliovunjika una vibanzi, na vibanzi hukwama kooni. Heri angoje uunge, na uboho ujae. Mlafi ukimwahidi kesho nono, huiachia leo. Fisi akaleta vijiti na kamba za magome, Pimbi akajifunga magango.

Fisi akangoja, akameza mate. Pimbi akangoja, akameza machozi. Kila asubuhi aliwasikia wenzake wakipiga miluzi kule juu, fwii, fwii, na katikati ya miluzi hiyo aliutambua wa kitindamimba wake, mwembamba, wa kukatikakatika. Hakuujibu. Angeujibu, mtoto angeshuka kumfuata.

Fisi akangoja, akameza mate. Pimbi akangoja, akameza machozi. Mfupa ukaunga.

Siku Fisi alipokuja kuukagua, Pimbi alimtazama anavyotembea, chechemea, chechemea, akamwuliza aliumia lini.

"Nimezaliwa hivi," akasema Fisi.

Pimbi akampapasa mapaja. Akamwambia kuna kuteguka, ambako huchuliwa tu. Kuna mfupa wenye ufa, ambao hufungwa ukatulia. Kuna unaopinda kama kijiti kibichi, maradhi ya watoto. Na kuna unaotoboa ngozi, huo ndio wa kuogopwa.

"Wako ulivunjika ungali mchanga, ukaunga kombo," akasema. "Ukinyooshwa, hata Simba hatakuwahi kwenye mzoga."

Fisi akaikumbuka mizoga yote aliyoikuta mifupa mitupu. Akalala chali.

Pimbi akafunga mguu wa kwanza, kaza. Wa pili, kaza. Aliposhika wa tatu, Fisi akauliza mbona na ya mbele.

"Ya nyuma ikipona peke yake, si itaipita ya mbele?"

Fisi akaona ni kweli. Wa tatu, kaza. Wa nne, kaza. Kisha kamba moja ikaipitia yote minne.

"Usijitikise mpaka mwezi uandame," akasema Pimbi, akatoka.

Hakukimbia, mguu ulikuwa bado haujakomaa. Alipanda jabali akipumzika kila hatua, huku Fisi akigaragara chini, garagara, garagara. Kileleni, kitindamimba wake alikuwa anaota jua. Alikuwa amekua. Hakumrukia mama yake. Aliutazama ule mguu, akasogea, akamwachia pale penye joto.

Hadithi yangu imefika juu. Asiyeweza kupanda abaki chini na Fisi. Na funzo lake ni hili: ukivunjika, mtii mganga wako, ufungwe, ulale kimya, wala usimwulize anakwenda wapi.