Mikono Isiyoinuka

"Shule yetu huifungi, dada! Labda unifunge mimi kwanza!" muuza mkaa alifoka kutoka upande wa pili wa ua.

"Ukuta wa darasa la tatu una ufa unaopitisha mkono," Afisa Elimu wa wilaya akamjibu. "Na mwanao anakaa chini yake!"

"Ufa si unazibwa? Au kiwanja cha shule umeshamwahidi tajiri?"

Majirani waliojaa madirishani wakaguna kwa utamu. Tumbo moja liliwazaa wawili hao, lakini siku hizi walikuwa paka na panya.

Afisa Elimu hakubabaika. Alikuwa na madiwani wake. Kila Jumapili walifurika sebuleni kwake, wakila hadi kulamba vidole, na Mwenyekiti wa halmashauri hakuchoka kumwambia, "Mama, sisi na wewe ni chanda na pete. Siku ya kura, mikono yetu ni yako."

Siku ikafika. Nje ya ukumbi wazazi walipiga madebe. Mbunge, aliyekwisha kunusa uchaguzi, alikuwa ametangaza kwamba anayefunga shule ni adui wa wananchi.

"Wanaoafiki shule ifungwe?" Mwenyekiti akauliza.

Diwani mmoja alikuna sikio. Mwingine akazama kwenye simu. Mikono iliyogombania minofu mezani kwake ilikuwa mizito kama nanga. Kisha Mwenyekiti mwenyewe akapendekeza Afisa Elimu asimamishwe kazi "ili kutuliza hali". Hapo mikono yote ikainuka.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Gari la ofisi lilikuwa limeshachukuliwa. Akampigia Mwenyekiti, simu ikaita mpaka ikakata. Jumatatu watoto wangerudi chini ya ule ukuta, naye hakuwa tena na sahihi ya kuwatoa. Akaketi kizingitini, akalia kama aliyefiwa.

"Dada." Muuza mkaa alikuwa amesimama mbele yake.

"Umekuja kunicheka?"

"Kama kucheka ningecheka na wenzangu kule."

"Jumatatu mtoto atakwenda?"

Kaka mtu akatazama chini. "Ataenda wapi kwingine?"



"Sikuungi mkono leo wala kesho," kaka akaongeza, akimshika kiwiko. "Lakini hulali njaa mimi nikiwa hai. Wifi yako ameshapakua. Njoo kwangu, ule."

Hakika, mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.