Vumbi Lililoingia Kinywani mwa Mtemi

Hapo zamani za kale, wakati jua lilipokuwa na wenyewe... Nani anacheka? Ngoja nimalize, ndipo ucheke.

Wakati jua lilipokuwa na wenyewe, wanyama wa Mashariki walisema, "Jua ni letu, maana linazaliwa kwetu." Wanyama wa Magharibi nao wakasema, "Jua ni letu, maana linakuja kulala kwetu." Jua lenyewe halikuulizwa. Lilipita tu juu yao na kazi zake.

Mashariki ilikuwa nchi ya tembo. Mkubwa wao aliitwa Bi Ndovu, mama mwenye masikio kama mikeka miwili, na akitembea ardhi inasema tih! tih! tih! Kwake kulikuwa na pango la chumvi.

Magharibi ilikuwa nchi ya viboko. Mkubwa wao alikuwa Mtemi Kiboko, bwana mwenye tumbo, na kwake kulikuwa na bwawa lisilokauka.

Katikati palikuwa na mbuga ya nyasi, na ndani ya mbuga kulikuwa na kinjia chembamba, kisafi, hakina hata jani. Hicho kilikuwa cha Sange. Sange hamumjui? Ni mdogo kama panya, mbio zake kama mshale, na ana pua ndefu inayochezacheza, kama mkonga uliokataa kukua. Kila asubuhi alifagia njia yake kwa miguu, sha! sha! sha!

Tembo walileta chumvi mlangoni kwa Sange, wakaondoka. Viboko wakaja wakaichukua, wakaacha mitungi ya maji. Hivyo ndivyo walivyoishi, wala hawakuonana.

Siku moja Bi Ndovu akasema, "Jamani, tunabadilishana vitu miaka yote hii, na hatujabadilishana hata salamu!" Akatuma neno Magharibi. Mtemi akajibu, "Na mimi nilitaka kusema hivyohivyo. Tukutane kwa Sange."

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa tembo, mgeni wa heshima humwagiwa vumbi kichwani. Vumbi hufukuza inzi, vumbi huzuia jua. Ni kumwambia, "Jua la kwetu lisikuchome." Kwa viboko, mgeni wa heshima hufunguliwa kinywa, kinywa chote, mpaka koromeo lionekane. Ni kumwambia, "Tazama, sikufichi kitu."

Salamu nzuri zote mbili. Zichanganye sasa uone.

Wakafika, kila mmoja na watu wake nyuma. Mtemi Kiboko akasimama, akafumba macho kwa adabu, akapanua kinywa. Waaa! Na Bi Ndovu, kwa adabu hiyohiyo, akachota vumbi kwa mkonga, akalirusha. Fyuuu!

Lote likaingia kinywani mwa Mtemi.

"Kho! Kho! Kho! Amenilisha mavumbi! Mbele ya watu wangu!"

"Wewe ulitaka kunimeza! Nimeyaona mameno yako!"

"Nikumeze wewe? Utapita wapi, gunia wewe!"

"Gunia mimi? Pipa la matope!"

"Huyu hana hata kinywa! Ana bomba tu usoni. Atajuaje heshima ya kinywa?"

"Na wewe huwezi kurusha hata chembe ya vumbi ukajifukuzia inzi. Utajuaje baraka ya vumbi?"

Sange akaruka katikati yao. Alikuwa amewafagilia njia miaka na miaka, chumvi huku, maji kule, na desturi za pande zote alikuwa anazijua. Akaeleza kitu kilivyo, bila kuzunguka. "Wakubwa zangu, hizo zilikuwa salamu! Bibi, yeye alikuwa anakuheshimu! Mtemi, na yeye alikuwa..."

"Toka hapa, panya!" wakasema wote wawili kwa pamoja. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza walilokubaliana.

Na la pili lilikuwa vita. "Keshokutwa asubuhi!" "Hapahapa!" "Hapahapa!"

Hapahapa ni wapi? Ni juu ya nyumba ya Sange! Na mle ndani mlikuwa na watoto wake wawili wachanga, bado wananyonya. Unyayo mmoja wa tembo, basi, hakuna nyumba wala watoto. Mnaelewa? Na kuhama hakuwezekani, kwa maana ukame ulikuwa umeingia na nyasi zote za kujificha zimekauka isipokuwa pale.

Sange akawanyonyesha, akawafunika majani, akakaa akifikiri. Pua ikicheza huku na huku.

"Ukweli nimewapa bure, wakanifukuza," akasema. "Sasa nitawauzia, tena kipande kipande."

Kulipokucha akashika njia ya Mashariki, mbio.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bi Ndovu.

"Jana uliniita panya."

"Jana nilikuwa na hasira. Leo naiona pua yako, naona ni ya ukoo wetu. Karibu. Una habari gani?"

"Bibi, Mtemi alisema huna kinywa."

"Nilimsikia!"

"Na watu wake walimsikia. Waliondoka wakicheka. Njia nzima: 'Bomba! Bomba usoni!'"

Bi Ndovu akapiga mguu chini, tih! Chumvi ikaanguka pangoni. "Mimi sina kinywa? Nilikula nini kikanifanya hivi nilivyo, upepo? Kesho, kabla ya kupigana, nitakipanua mbele yao wote!"

"Utaweza?"

"Nitashindwaje? Aaa!"

"Bibi, hicho ni kinywa au tundu la sindano? Inua mkonga juu. Zaidi. Sasa fumba macho."

"Macho ya nini?"

"Ndivyo wanavyopanua wao. Ukipanua kitoto watacheka tena."

"Aaaaa!"

"Hapo! Hapo naona mpaka ulichokula asubuhi. Kesho fanya hivyohivyo, wala usiseme neno."

Sange akatoka pale mbio mpaka Magharibi. Mtemi alikuwa bwawani, pua tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, Mtemi."

Chubwi! Kichwa kikatoka. "Marahaba, binti. Umetoka kwa yule gunia?"

"Nimetoka huko. Unakumbuka alivyosema, kwamba huwezi kurusha hata chembe ya vumbi?"

"Sijasahau!"

"Na ni kweli?"

"Kweli vipi? Mimi, Mtemi wa bwawa zima, nishindwe na vumbi? Tazama!" Akapanda ukingoni, akapiga teke. Puu! Sange akafunikwa mwili mzima, ikabaki ncha ya pua.

"Mtemi! Hiyo si kurusha, hiyo ni kuzika! Kwao kuna adabu yake. Wanarusha taratibu, litue kichwani kama ungaunga."

"Sina mkonga, mimi."

"Una pua pana kama beleshi. Chota nayo, pima, kisha tikisa kichwa juu. Polepole!"

Akachota. Fyu! "Loo! Limetua vizuri! Binti, umeona?"

"Nimeona. Kesho umuonyeshe yeye, palepale utosini, kabla ya vita. Na wakati wa kuchota usitazame pembeni, litamwagika."

Siku ikafika. Tembo mstari huku, viboko mstari kule, masikio yanapepea, meno yanang'aa. Sange amejibana mlangoni kwake, watoto nyuma yake.

Bi Ndovu akatoka mbele. Tih! Tih! Akainua mkonga, akafumba macho, akapanua kinywa. Aaaaa!

Viboko wakashtuka. "He! Anatusalimu!" "Amefumba na macho! Adabu gani hii!" Na wao, maana heshima hujibiwa, wakapanua vinywa mstari mzima.

Lakini Mtemi Kiboko hakuona kitu. Alikuwa ameinama anachota vumbi lake, anapima, ulimi umetoka pembeni kwa juhudi.

Sange akaona. "Ole wangu! Kinywa! Nimesahau kinywa!"

Fyuuu!

"Kho! Kho! Kho!" Vumbi lote, kinywani mwa Bi Ndovu!

Tembo nao wakachanganyikiwa. "Amempa vumbi! Amembariki!" "Amembariki kinywani?" "Jamani, tupigane au tushukuru?"

Bi Ndovu machozi yanamtoka. Akainua mguu wa mbele, mguu kama gogo, na chini ya ule mguu ndipo ilipokuwa nyumba ya Sange. Watoto wakalia, wii! wii!

Sange hakukimbia. Akasimama chini ya unyayo, akapaza sauti yote aliyopewa na Mungu.

"Bibi! Kabla hujakanyaga, nijibu! Ulipopanua kinywa, ulitaka kummeza Mtemi?"

"Nimmeze kwa lipi? Kho! Mimi nala majani!"

"Na yeye anakula nini?"

Bi Ndovu akamtazama Mtemi. Mguu bado uko juu.

"Anakula nini, Bibi?"

"...Majani."

"Sasa juzi angekumeza vipi?" Sange akageuka. "Na wewe, Mtemi! Ulitaka kumlisha vumbi?"

"Mimi? Nimelenga kichwa! Nimejifunza jana kutwa! Kapanua mdomo mwenyewe, nifanyeje?"

"Na juzi, nani alipanua mdomo mwenyewe?"

Mtemi akalamba meno yake, akalikumbuka lile vumbi.

Bi Ndovu akarudisha mguu taratibu, nyuma kabisa, mbali na mlango wa Sange. Akatema, ptu!

"Mtemi," akasema, "juzi lilikuwa chungu hivi?"

"Chungu, mama. Lilibaki kwenye meno mpaka usiku."

"Pole, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nakukaribisha."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu." Mtemi akajikuna pua. "Lakini mama, hivi kila siku mnarusha hicho kitu na kinatua vizuri? Mimi shingo inaniuma!"

Bi Ndovu akaanza kucheka. Tembo akicheka, tumbo ndilo linatangulia. Ho! Ho! Ho! "Na nyinyi mataya hayawaumi? Langu limelia ka! ka!" Viboko wakacheka, tembo wakacheka, na wale wadogo wa pande zote mbili walikuwa wameshaanza kufundishana, huyu anapanua, yule anarusha, wote wanakohoa.

Kisha Bi Ndovu akaacha kucheka. "Hebu ngoja. Nani alikufundisha kurusha?"

"Sange. Na wewe, kupanua?"

"Sange!"

Wakageuka wote wawili. "Wewe! Umetudanganya!"

"Nimesema uongo gani?" Sange akauliza, pua juu. "Kila neno nililowaletea lilitoka vinywani mwenu. Juzi niliwaambia waziwazi, mkaniita panya. Isipokuwa hilo la leo, la kusahau kinywa, hilo ni langu, nisameheni."

"Aadhibiwe!" akasema Mtemi.

"Aadhibiwe!" akasema Bi Ndovu. Wakainamiana, wakanong'onezana, mkonga sikioni, wakatoa hukumu. Tembo na viboko waipanue njia ya Sange kwa miguu yao, ipite mkubwa na mdogo, wafuate wenyewe chumvi na maji, wakae wazungumze. Na Sange, kila wanapokuja wageni, asimame pale katikati apige kelele, "Kinywa kwanza! Funga! Sasa vumbi!"

Ndivyo wanavyosalimiana hadi leo: kinywa, funga, vumbi. Ukame ule viboko walilamba chumvi ya Mashariki, tembo walikunywa maji ya bwawa la Magharibi, na watoto wa Sange walikua.

Na jua? Siku ile ya vita, saa sita mchana, liliwakuta wote wamekaa mbugani kwa Sange, likawa juu ya vichwa vyao sawasawa. Hakuna aliyesema ni la nani.

Haya, hadithi nimeiweka chini. Fungeni vinywa mnapotoka, kuna vumbi nje, na mkumbuke hili moja:

Mtu wa mbali akikufanyia jambo usilolijua, jaribu kwanza kulifanya wewe, ndipo useme kama amekutukana.