Vichwa Juu ya Madawati

Kuinamisha kichwa si kuziba sikio. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani, nanyi mbio kuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni. Msemo huu ulizaliwa darasani, tena darasa la watu wenye ndevu.

Mwalimu Nasikiwa alihamishwa kutoka Upare hadi shule moja ya sekondari huko Ungoni, asikokuwa na ndugu wala jamaa. Aliishi peke yake. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hakuna aliyemwita kwa jina, na upweke ulimtafuna kwelikweli.

Akaona awasomee Kidato cha Nne hadithi, robo saa mwisho wa kipindi. Siku ya kwanza tu kiranja akasimama.

"Mwalimu, samahani. Kusomewa ni kwa watoto wa chekechea. Sisi tunanyoa ndevu."

Darasa likaangua kicheko, kisha wakalaza vichwa juu ya madawati, mmoja baada ya mwingine.

Yeye akasoma. Kitabu kilimhusu mama muuza chumvi aliyemtafuta mwanawe aliyepotea. Wiki tatu alivisomea visogo, asione jicho hata moja. Akirudi nyumbani alijiona mjinga. Heri angeusomea ukuta.

Alhamisi moja akaingia bila kitabu. "Leo tunaandika nukuu," akasema, akageukia ubao. Moyoni alishakata shauri kuomba uhamisho.

Mara sauti nzito ikatoka nyuma. "Mwalimu, alivuka?"

Alikuwa Komba, jitu la futi sita, msinziaji mkuu wa darasa. Kichwa hakukiinua.

"Nani alivuka?"

"Mama wa chumvi. Jana ulimwacha mtoni, maji yanajaa."

"Wewe Komba, si huwa unalala?"

"Silali, mwalimu. Nikiinua kichwa, wenzangu wataniona ninavyolia."

Hakuna aliyecheka. Kiranja, naye ameinama, akasema taratibu, "Usituache mtoni, mwalimu."

Mwalimu Nasikiwa akakimbilia kitabu ofisini, machozi yakimtoka, akasoma hadi baada ya kengele kulia. Barua ya uhamisho hakuiandika. Nyumbani kulikuwa kimya vilevile jioni ile, lakini kesho yake darasani palikuwa na watu wanaomngoja.

Mwalimu mwenzake akapita dirishani, akaviona vichwa vimelala, akamcheka. "Dada, unawasomea maiti?"

Nasikiwa akafungua ukurasa. "Kaka," akamjibu, "kuinamisha kichwa si kuziba sikio."