Godoro la Mgeni wa Mlimani

Mlinzi hatandikiwi godoro. Mmeisikia methali hiyo leo mkutanoni, pale mlipoomba king'ora kipunguzwe ukali, na mmoja wenu ameniuliza ni mlinzi gani huyo anayenyimwa hata pa kulala. Basi kaeni. Jambo lenyewe lilitokea kwa mama yangu mzazi, Gwantwa, nami nilikuwapo. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka ule mlima wetu wa Ngondya ulikuwa umeanza kutikisika. Si sana. Vikombe viligongana kabatini, ng'ombe wakainua vichwa, halafu kimya. Ndipo akaja kijana wa vipimo vya matetemeko, jina lake Asajile, na mashine ya ukubwa wa sufuria ya maharage. Alichimba shimo nyuma ya migomba ya mama mpaka akafika kwenye mwamba, akaiweka mashine juu ya mwamba mtupu, akaifunika kwa kifuniko cha mbao. Kutoka pale alivuta waya hadi shuleni, kwenye king'ora. Alitueleza kwamba ardhi ikitetemeka kupita kiasi king'ora kitalia chenyewe, na sote tuliojenga chini ya genge la mlima tukimbilie uwanja wa shule, kwa kuwa genge lile lilikuwa limeanza kupata nyufa.

Tabu ni kwamba mashine ilisikia kila kitu. Wanawake wakitwanga, king'ora. Lori la magogo likipita, king'ora. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena, mpaka kijiji kizima kikawa na macho mekundu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, Lugano, na nyumba yetu ilikuwa ya juu kabisa, genge likiwa mgongoni. Kwa kumbeba mvuani kila mara, mtoto alianza kukohoa. Mama aliniona kila niliporudi nimelowa. Alizunguka tu uani, akigusa hiki na kuacha kile.

Kisha akafariki mzee Mwakibete. Kwetu msiba wa mtu mzima huchezwa. Wanaume hushika mikuki na kukanyaga mpaka ardhi inaitikia, na hiyo ndiyo heshima ya marehemu. Walipoanza tu kukanyaga, king'ora kikalia. Waombolezaji walitimka, jeneza likabaki uani na mbuzi wawili. Watani wa marehemu walisema hata mzee mwenyewe angekimbia, ila misumari ilimkatalia. Tulicheka, lakini familia yake iliona aibu isiyosemeka.

Baada ya maziko mwenyekiti wetu, Ambakisye, alikuja kwa mama. Hakuja kwa ubaya. Alisema watu wamechoka, na mashine yenyewe inaonekana haina raha. Neno hilo lilimkuta mama tayari. Kwetu mgeni hakalishwi chini patupu. Nyumba ikikosa kigoda, utamkatia jani la mgomba. Na huyu mgeni amelazwa kwenye jiwe baridi, mwezi wa sita, mlimani. Mama aliona pengine ndiyo sababu analia ovyo. Akakata kipande cha godoro lake la sponji, wakafunua shimo yeye na mwenyekiti, wakalikunja godoro mara mbili na kuiketisha mashine juu yake taratibu, kama mtoto mchanga.

King'ora kikanyamaza.

Tulilala, wajukuu zangu. Mchi ulitwanga, lori likapita, hakuna aliyeruka kitandani. Mama alisifiwa kila alikopita kwamba amejua kumbembeleza mgeni.

Lakini ardhi haikutulia. Maji ya chemchemi yalianza kutoka na rangi ya kutu. Vikombe viligongana tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Watu walikuwa wakisimama milangoni, wanasikiliza upande wa shule, wanasikia kimya, wanarudi kwenye kazi zao. Ingekuwa kitu, walisema, king'ora kingelia. Maneno hayo yakawa kama salamu.

Mama peke yake ndiye aliyekosa kutulia. Alianza kupalilia akaacha, akapika akasahau chumvi. Mchana mmoja alikuwa akiosha vyombo pale sufuria iliposogea yenyewe juu ya kichanja, ikaanguka. Akageukia upande wa shule, akasubiri. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa anasubiri sauti aliyoilaza kwa mikono yake mwenyewe.

Alikimbilia shimoni, akang'oa godoro, akairudisha mashine kwenye mwamba. Kabla hajainuka vizuri king'ora kilianza kulia, na hakikuacha.

Hakuna aliyetoka. Watu walidhani mashine imeharibika. Mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa namnyonyesha Lugano, mama alipoingia na matope hadi magotini.

"Subilaga, mchukue mtoto tutoke."

"Mama, kikohozi ndiyo kwanza kinampungua. Si ni kelele zilezile?"

"Toka, mwanangu."

"Siku zote hizi ilikuwa kimya, leo ndiyo—"

"Ilikuwa kimya kwa sababu niliitandikia godoro," mama alisema. "Mlima haukutulia hata siku moja. Mimi ndiye niliyemlaza mlinzi."

Nilimfunga Lugano mgongoni tukatoka.

Alipita nyumba kwa nyumba akisema hayohayo, bila kujitetea. Barazani kwa mwenyekiti wanaume walikuwa wakicheza bao. Mmoja wao alimuuliza kama hilo godoro lilikuwa na shuka pia, na wenzake wakacheka. Mama hakumtazama. Alikuwa akimtazama Ambakisye.

Mwenyekiti aliinamia bao lake. Kete zilikuwa zikirukaruka ndani ya mashimo, na hakuna mkono uliozigusa.

"Ni kweli," alisema polepole. "Upande mmoja nililishika mimi. Inukeni."

Waliinuka. Mtu akipuuza kilio cha mashine, atapuuza vipi aibu ya mwenyekiti wake? Wa mwisho walikuwa wanavuka ua wa shule genge lilipoporomoka. Nyumba yangu ilikwenda, ya jirani ikafuata, na zizi la mwenyekiti na ng'ombe wake. Watu tulihesabiana pale uwanjani mpaka sauti zikakauka. Hakupungua mtu.

Asajile alipofika alisikiliza yote, kisha akasema alipaswa kutuuliza mapema tunatwanga wapi na tunazikana vipi. Tulitafuta pamoja mwamba mwingine, mbali na vinu na barabara. Hata hivyo mashine haikuacha kabisa kukosea. Siku chache baadaye, tungali tunaishi madarasani, king'ora kililia, tukatoka mbio na watoto na masufuria, kumbe ni ng'ombe waliovamia lile shimo jipya. Mtu mmoja alianza kunung'unika kwamba ugali wake umeungua. Ambakisye alikuwa amesimama karibu naye, anautazama ule udongo mwekundu mlimani palipokuwa na nyumba zetu.

"Ugali utasongwa mwingine, ndugu yangu," alimwambia. "Mlinzi hatandikiwi godoro."