Mjukuu wa Lubango

Nawarushia ngano!
— Rusha, tuidake!
Nawarushia na makapi yake!
— Rusha, tutapepeta wenyewe!

Haya. Hapo kale, kale ya bibi yake bibi, palikuwa na watu waliohama kwa njaa. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Mbele yao alitangulia punda wao, jina lake Lubango, amebeba mbegu za mtama, vyungu, na bibi mmoja aliyeumwa miguu.

Walipofika bondeni, Lubango akalala chini. Wakamsukuma. Wapi! Wakamvuta mkia. Wapi! Bibi akambembeleza kama mkwe. Wapi! Basi wakachoka, wakapanda mtama palepale. Ukaota, ukawapita kimo! Ndiyo asili ya kaya ile, na ndiyo asili ya mila yao. Kila mavuno, suke la kwanza huwekwa kando, na wote husema, "Hili la Lubango, aliyetuchagulia shamba."

Wewe unayecheka huko nyuma, subiri, bado!

Lubango akafa, wazee wakafa, shamba likabaki kwa mjane Nyamizi na wanawe. Hakuwa na kingine. Bonde lile ndilo lililowalisha.

Sasa, palikuwa na Shigela, mgeni pale kijijini. Jamani, Shigela! Jembe hajui linashikwa upande gani, lakini mdomo! Siku moja ya mavuno akapita njiani, akasikia, "Hili la Lubango, aliyetuchagulia shamba." Akasimama. "Kumbe shamba ni la marehemu Lubango!" Huyoo, mbio mpaka kwa jumbe, mzee aliyehamia juzi tu kutoka ng'ambo ya mto.

"Jumbe, mimi ni mjukuu wa Lubango. Yule mama analima shamba la babu yangu!"

Nyamizi akaitwa. Watu wakajaa uwanjani.

"Mama," jumbe akauliza, "ni kweli Lubango ndiye aliyechagua shamba?"

"Kweli, baba."

"Basi mrithi ni mjukuu wake. Una la kusema?"

Nyamizi akageuka. Akawatazama wanawe, roho ikamuuma. Wangekula nini? Kisha akamtazama Shigela alivyotunisha kifua, na kicheko kikamkaba kooni. Akakimeza. Akawakonyeza majirani wasiseme neno.

"Sibishi, baba. Nataka tu nimjue ndugu yangu. Kaka Shigela, babu alikuwa na masikio gani?"

"Makubwa! Yanasikia mpaka kijiji cha pili. Tazama yangu haya!"

Majirani wakaziba midomo.

"Na sauti yake?"

"Aa, sauti! Akiita alfajiri, hakuna anayelala tena!"

Mzee mmoja akaporomoka kutoka kwenye kigoda.

"Na mgongo?"

"Mgongo wa chuma! Mizigo ya ukoo mzima aliibeba peke yake. Na mgongo huo nimeurithi mimi, naapa mbele ya jumbe!"

"Umeapa?"

"Nimeapa!"

"Hujakosea hata kidogo, kaka," Nyamizi akasema. "Ndivyo alivyokuwa. Na alikuwa punda wetu."

Lo! Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakagaagaa mavumbini. Shigela akashika masikio yake. Jumbe akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, akakiokota, akacheka tena, kikadondoka tena.

"Shamba ni la waliompakia babu yako mizigo," akasema, akifuta machozi. "Lakini wewe umeapa, Shigela, na urithi wako utaupata."

"Urithi gani, jumbe?"

"Mgongo!"

Wakampakia mtama. Shambani mpaka ghalani, ghalani mpaka shambani, jasho linamtiririka, na watoto wa Nyamizi wakimfuata nyuma, "Twende, mjomba, twende!" Mpaka mavuno yakaisha.

Gunia la mwisho lilipotua, Shigela akalala chini. Wakamsukuma. Wapi! Wakamvuta mguu. Wapi! Nyamizi akaja na bakuli la ugali wa moto.

"Amka ule, kaka. Sasa umekuwa wa ukoo kweli."

Shigela akala, akaomba tena, na mwaka uliofuata akaja mwenyewe bila kuitwa. Ndiyo maana kaya ile, mpaka leo, kila mavuno huweka kando masuke mawili. La Lubango, na la mjukuu wake.

Nimerusha!
— Tumedaka!
Aliyeangusha ainame aokote, mimi nakwenda kula.