Bibi Lubaba na Birika la Juu

Kabla sijaanza, wekeni mkono kifuani mwape kwamba haya hayatavuka kizingiti. Si maneno ya kusemwa visimani. Mimi mwenyewe niliapishwa na marehemu shangazi yangu, naye aliapishwa na aliyemsimulia, na kwa viapo hivyo hivyo kisa kimetufikia salama mpaka leo. Mola atusamehe sote. Sogeeni basi.

Inasimuliwa, na Mola ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika bonde moja la nchi za milimani, walikokaa waja wema wengi na wambeya wachache, ingawa wachache wale walitosha, palikuwa na chemchemi ya maji moto. Maji yalitoka chini ya jabali yakifuka mvuke. Wenyeji walisema hapo ndipo aliposujudu mama mmoja mchamungu siku ya baridi kali, akimwombea mwanawe mgonjwa apate joto, na alipoinua paji la uso, ardhi ikafuka. Kwa heshima yake hakuna aliyeingia majini bila udhu, wala bila kumsomea Fatiha. Na walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: maji yale hayachanganywi na maji mengine. Anayeona yamemzidi na asubiri yapoe yenyewe.

Mabirika yalikuwa mawili, yamechongwa kwenye mwamba. La chini maji yalilifikia yamekwisha kupungua ukali njiani, nalo ndilo la waogaji na wagonjwa. La juu, pale pale kwenye jicho la chemchemi, lilikuwa la kuchemshia mayai. Halikuingiwa na mtu.

Isipokuwa Shekhe Thabiti.

Shekhe Thabiti, Mola amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole ambaye watu walisahau kumsalimia. Hawakumchukia, walimpita tu. Baridi yabisi ilimkamata magoti hata akawa anarukuu kwa kuguna. Dawa yake ilikuwa maji moto, lakini kulifikia birika la chini kulitaka kushuka ngazi arubaini za mawe yenye utelezi, na magoti yale hayakuziweza hata kumi. Mkewe, Bibi Lubaba, alimwona akirudi nyumbani mkavu kama alivyotoka, akitabasamu ili mkewe asihuzunike. Tabasamu lile likamkata maini.

Kesho yake Bibi Lubaba alitangulia na kiriba cha ngozi. Akateka maji baridi kijitoni, akamimina katika birika la juu. Kiriba kimoja, cha pili. Akatia kiwiko, kama mtu anayepima maji ya mtoto mchanga. Mumewe alipofika akijikongoja, alimkuta anafagia majani.

"Ingia hapa, Shekhe. Leo yametulia."

"Hapa? Lubaba, unataka kunichemsha?"

"Miaka thelathini sikukuchemsha, nikuchemshe leo?"

Akaingia, na maji yakampokea. Akakaa humo akileta nyiradi, macho ameyafumba, machozi ya raha yanamtoka. Basi akatokea mchuuzi wa chumvi na punda wake, akamwona. Kabla ya adhuhuri bonde zima lilikuwa na habari: Shekhe Thabiti ni walii, maji ya moto yamemwonea haya.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba chemchemi ina saa zake, na kila walipomsifu alisema, "Mimi si kitu, jamani." Kwa neno hilo wakazidi kumpenda. Wakaanza kumsalimia. Wakamletea watoto wagonjwa awaombee dua, wakampisha safu ya mbele. Miaka saba ikapita hivyo, na kila siku Bibi Lubaba alitangulia na kiriba chake. Mara nyingi alitaka kusema. Lakini kila alipomwona mumewe anaitikia salamu njiani, shingo imenyooka kidogo, aliahirisha mpaka kesho. Akajiambia: mimi sisemi uongo, nanyamaza tu. Na nafsi ya mtu ni hodari sana wa kumtafutia fatwa.

Ndipo mbuzi wa wakfu akapotea. Siku ileile mjane mmoja, jina lake Unaisa, alionekana anasugua chungu kikubwa.

"Mtu na mwanawe mmoja," wakasema majirani, "chungu chote kile cha nini?"

"Na palinukia, shoga. Pua yangu haijanidanganya tangu nizaliwe."

Unaisa aliapa kwamba alichemsha sufu ili aitie rangi. Hakuna aliyemsadiki. (Mbuzi mwenyewe msiniulize aliishia wapi, wasimulizi wamehitilafiana.) Mkuu wa bonde, Bwana Jundubu, alikuwa mtu mwadilifu lakini mpenda miujiza, akasema kesi ipelekwe kwenye birika la juu.

Shekhe Thabiti akasimama. "Sheria inataka mashahidi, Bwana Jundubu. Birika si shahidi."

"Birika si shahidi, lakini wewe ni shahidi, Shekhe. Miaka saba tunakuona. Maji yale yanamjua mwema."

Shekhe akaketi tena, kwa kuwa kweli walimwona.

Unaisa akapelekwa birikani, akatia mguu mmoja, akapiga ukelele, mguu ukatoka umebabuka. Watu wakatazamana. Bwana Jundubu, kwa kutaka haki itimie, akampa muda hadi Ijumaa. Kabla ya sala, Shekhe ataingia kwanza, mbele ya watu wote, kisha mjane ataingia kwa miguu yote miwili. Yakimkataa tena, atahama bonde, yeye na mwanawe. Na msimu wa theluji ulikuwa umekwisha kubisha hodi.

Alasiri ile Shekhe alikaa jikoni, kitu asichokizoea. Mkewe alikuwa anakanda unga.

"Lubaba, mimi najijua," alisema. "Na yule mama sina ubaya ninaoujua kwake. Yanipokeaje mimi, yamuunguze yeye? Naogopa nisije nikaulizwa siku ya hesabu kwa ajili ya magoti yangu."

Bibi Lubaba akainama juu ya sinia, akakanda.

"Mbona unauponda hivyo unga? Umekukosea nini?"

"Mgumu tu."

Ilikuwa nafasi ya kusema, naye akaiacha ipite. Akisema, mume atarudi kuwa yule wa kupitwa njiani, tena sasa watamcheka. Asiposema, mwanamke asiye na kosa atatoka na mtoto kwenye baridi. Alitafuta njia ya tatu, na walio wajanja huipata siku zote. Akaamua: atamimina maji ya watu wawili. Viriba viwili vya mumewe, na vinne juu yake, ili birika lisiwahi kurudi ukali kabla mjane hajaingia. Maji yampokee Unaisa, Shekhe abaki na heshima yake, na yeye abaki na Mola wake wakiyamaliza wenyewe.

Asichokijua ni hiki. Ijumaa ile, mkewe alipokwisha kutoka, Shekhe Thabiti alijikongoja mpaka kwa Bwana Jundubu akamsihi jambo lile lifanywe mapema, kabla wageni wa vijiji vingine hawajafika, ili mjane asitazamwe na macho mengi. Bwana Jundubu akakubali. Wakaondoka wote kwa pamoja, wanaume, wanawake na vikongwe, na Unaisa katikati, mguu umefungwa kitambaa, mwanawe ameng'ang'ania shuka yake.

Walipozunguka jabali walimkuta Bibi Lubaba juu ya ukingo wa birika, mikono ya kanzu ameikunja mabegani, kiriba cha sita amekipindua, maji yanabubujika kuingia ndani.

Kiriba kikaisha.

"Bibi Lubaba," alisema Bwana Jundubu taratibu, "bila shaka umekuja kumtekea Shekhe maji ya udhu."

Watu wote walikuwa tayari kuliamini neno lile. Walimpa uongo mkononi, umekwisha kuandaliwa. Kuinamisha kichwa tu kungetosha. Bibi Lubaba akautazama mguu wa Unaisa. Akamtazama mumewe, ameegemea fimbo.

"Hapana, Bwana Jundubu. Anayeteka, mdomo wa kiriba hutazama juu. Mimi namimina. Nimemimina kila siku, miaka saba sasa. Maji haya hayamjui mwema wala mwovu. Hayakumkataa huyu mama, yalimuunguza tu, kama ambavyo yangalimuunguza mume wangu, na wewe pia."

"Na mwiko?" akauliza mwanamke mmoja nyuma.

"Nimeuvunja. Yeye hajui lolote. Nihukumuni mimi."

Bwana Jundubu akasogea, akatia kidole pale maji yalipotokea jabalini. Akakichomoa upesi, akakitia mdomoni kama mtoto. Kisha akamgeukia mjane. "Rudi nyumbani kwako, mama. Utusamehe, kama unaweza."

Sasa macho yote yakawa kwa Shekhe. Walingoja hasira, maana alikuwa amevuliwa kilemba cha miaka saba mbele ya kadamnasi. Yeye akaenda kwa magoti yake yale mpaka ukingoni, akatia mkono majini, akauacha humo kitambo kirefu.

"Lubaba," akasema. "Miaka yote hii nikidhani maji ndiyo yanayonipenda." Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Kumbe ni wewe."

Enyi waumini, Mola humsitiri mja kwa wema wake. Na siku sitara ile inapoanza kumuunguza mwingine, humfunua, na kufunuliwa huko nako ni rehema, ijapokuwa haionekani hivyo kwa aliyefunuliwa. Waliohudhuria wanasema Bibi Lubaba alibaki amesimama pale pale, mikono imelowa hadi viwikoni, kiriba kitupu kinamchuruzikia matone miguuni, na bonde zima linamtazama.