Wageni wa Bwana Shekuwe

Sukari ilikwishampa Bwana Shekuwe kidonda mguuni. Daktari akamwamuru aache wali na halua, ale dona na mchicha. Lakini tajiri hapangiwi sahani!

"Pilau na halua kila siku," alimwambia mpishi wake, Bi Mwantumu. "Ukiniletea majani, rudi kwenu."

"Sawa, bwana." Akapika vyote. Ila kila sinia lilipotua, "Hodi!" Leo wakwe, kesho majirani. Angethubutu kuwafukuza wakwe? Wageni wakafagia sinia, yeye akaambulia dona na mchicha wa mpishi.

Baada ya miezi mitatu kidonda kilikauka.

"Unaona? Pilau ni dawa!" alijigamba bwana, ambaye hakuonja hata punje. "Ila hawa wageni, nani huwaita?"

"Mimi, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."